Tarishi Anakwenda Mbio Mno

Hospitalini walimwita Rudia, na jina hilo hakuliokota njiani. Alikuwa mpimaji katika maabara ya ghorofa ya chini, mwaka wake wa ishirini na sita sasa, na kila jibu lililofika mezani kwake alilitazama kwa jicho la kumshuku mgeni asiyejitambulisha. "Rudia," angesema, na aliyepima angerudia, moyoni akimtukana. Madaktari walinung'unika kwamba majibu yake yanachelewa. Kwamba yamekosewa, hilo hawakuwahi kulisema.

Jumanne moja, akiwa anavua koti jeupe aende zake nyumbani, simu yake iliita. Aliyepiga alikuwa mwenye karakana ya cherehani, mahali ambapo dada yake mkubwa alikuwa fundi kwa miaka thelathini kasoro miwili, mpaka presha ya macho ilipomnyang'anya jicho la kushoto na baadaye la kulia. Namba ya Rudia ilikuwa kwenye faili la dada yake, pale panapoandikwa ndugu wa karibu.

"Fundi wangu anaendeleaje?" aliuliza yule mzee.

"Yupo. Anakula, analala."

"Sikiliza, mama. Nina mafundi sita hapa, wote wana macho makali, ila masikio hawana. Cherehani inalalamika upande huu, wao wanafungua upande ule. Namtaka dada yako arudi. Saa tatu tu kwa siku. Akae kwenye kiti, asikilize, apapase, awaambie ugonjwa uko wapi. Lakini nipate jibu kabla hatujafunga Ijumaa jioni, maana Jumamosi namchukua mtu mwingine."

"Nitamwambia," alisema Rudia.

Hakumwambia. Jumanne ilipita, Jumatano nayo ikapita, na kila alipofungua mdomo aliona mikanda inazunguka, aliona sindano zinapanda na kushuka, aliona barabara pana iliyo mbele ya karakana na magari yasiyomsubiri mtu. Miezi mitatu nyuma Dada alikuwa ameweka kiganja juu ya birika linalochemka, akakaa wiki mbili na bandeji. Rudia alijiambia kwamba anatafuta wakati mzuri wa kumwambia. Uongo mtupu. Alikuwa ameshaamua kwamba jibu ni hapana, na alichongoja ni Ijumaa ipite tu, ili hapana hiyo itokee yenyewe bila yeye kuitamka.

Hata hivyo moyo ulimsuta, na mtu anayesutwa na moyo hutafuta zawadi. Ndipo alipomkumbuka Tarishi.

Walipokuwa wadogo, baba yao alikuja siku moja na mashine ya gemu ya mitumba, ile ya kuchomeka kwenye televisheni, na kaseti moja tu ya mchezo. Mchezo wenyewe ulikuwa wa tarishi mwenye mfuko begani, anakimbia juu ya mapaa ya nyumba kupeleka barua. Huwezi kumsimamisha wala kumrudisha. Anakimbia mwenyewe, na kazi yako ni kubonyeza kitufe kimoja aruke pengo kati ya paa na paa. Nyumba zilikuwa hamsini, mapengo yake hayabadiliki, na wimbo wake haubadiliki. Rudia hakuwahi kuivuka nyumba ya nne maishani mwake. Dada alikuwa bingwa wa mtaa mzima, na watoto wakubwa kwake walikuja kukaa sakafuni, kimya, kumtazama kidole gumba.

Mashine ilikuwa bado juu ya kabati, ndani ya boksi la viatu. Rudia aliifungua kwa bisibisi akakuta vipipa vidogo vya kutunza umeme vimevuja na kutu imekula nyaya. Imekufa, haina hata haja ya kupimwa. Lakini kaseti ilikuwa nzima, na fundi kompyuta wa hospitali, alipoulizwa, alimwambia jambo lililomfanya Rudia asimalize chai yake. Kuna programu, alisema, unaiweka kwenye kompyuta ya kawaida nayo inajifanya ile mashine ya zamani, neno kwa neno, hata makosa yake. Inaitwa emuleta. Unachohitaji ni nakala ya kilichomo kwenye kaseti, na nakala unaipata kwa kisomaji, kidude cha ukubwa wa kiberiti ambacho yeye mwenyewe alikuwa nacho na angemwazima.

"Kwa hiyo mchezo unadhani uko ndani ya mashine yake?" aliuliza Rudia.

"Mchezo haudhani kitu."

"Lakini kama ungedhani."

Fundi alimkabidhi kisomaji na kurudi kwenye kazi zake.

Jumatano alasiri Rudia alitandaza gazeti kwenye meza ya chakula, akatoa pamba na spiriti, akaanza kusugua meno ya shaba ya kaseti. Dada alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, redio ikimnong'onezea. Hivyo ndivyo alivyokuwa akishinda tangu ahamie kwa mdogo wake, katika chumba cha binti wa Rudia aliyeko chuoni: asubuhi dirishani, jioni dirishani. Mwanamke aliyekuwa akitania mpaka wateja waliokuja na hasira, siku hizi ukimuuliza kitu anakujibu kwa kidogo kama aliyepimiwa maneno.

"Nasikia harufu ya spiriti," alisema. "Umeleta damu za watu nyumbani?"

"Nasafisha kaseti ya Tarishi."

Redio ilizimwa. "Si unapuliza tu?"

"Mate yana chumvi, Dada. Yanaleta kutu. Kupuliza kwetu ndiko kulikoiharibu."

"Ikaharibika ikiwa imefanya kazi miaka minane. Haraka kweli."

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote za mwezi ule, na Rudia aliipokea kwa furaha huku akisugua.

Kusoma kaseti kulichukua dakika nne. Mtu mwingine angeishia hapo. Rudia alisoma mara ya pili, akalinganisha nakala na nakala, na ajabu ikawa hazifanani. Tofauti ilikuwa ndogo, herufi kumi na moja katika maelfu, lakini ilimpandisha mori. Alisugua tena, akasoma mara ya tatu na ya nne, na hizo mbili zikafanana mpaka mwisho. Alitembea chumbani akisugua viganja. Hakuna aliyemwona ila paka wa jirani dirishani, naye hakuonekana kujali.

Alhamisi alipotoka kazini alisimika emuleta kwenye laptopu ya binti yake, akaichomeka kwenye televisheni, akaanza kuizunguka kila kona. Palikuwa na ukurasa wa picha, ukurasa wa sauti, ukurasa wa kuionyesha kompyuta kitufe kipi ndicho cha kuruka. Alifungua yote. Aligundua kwamba sauti ilichelewa kidogo baada ya kitufe, akaipunguzia ucheleweshaji mpaka kubonyeza na kusikia vikawa kitu kimoja. Alipomaliza ilikuwa saa kumi na moja jioni, na wimbo wa Tarishi ukajaa sebuleni, wimbo mdogo wenye kiherehere, na Rudia akashikwa na machozi bila kutarajia. Alicheza yeye kwanza kujaribu. Alikufa nyumba ya tatu, kama kawaida yake.

"Njoo, Dada. Kitufe ni kimoja. Sikio linakutosha."

Dada alikuja akipapasa mgongo wa kochi, akaketi, akawekewa mkononi kidude cha kuchezea. Aliinamisha kichwa. Tarishi akaanza kukimbia, viatu vyake vikagonga mabati, na kwenye pengo la kwanza akatumbukia.

Wakaanza upya, akatumbukia. Mara ya tano alitumbukia pale pale, pengo la kwanza kabisa, ambalo hata mtoto wa kunyonya angeliruka. Dada akaweka kidude juu ya meza.

"Hii siyo," alisema.

"Siyo nini?"

"Siyo yenyewe. Tarishi anakwenda mbio mno."

"Dada, ni miaka thelathini na tano. Vidole vimesahau, si ajabu."

"Vidole vyangu havijasahau. Wimbo unakimbia, na yeye anakimbia nao."

"Kaseti ni ile ile. Nimeisoma mara nne."

"Sijasema kaseti. Nasema anakwenda mbio."

Rudia alivuta pumzi, kisha akasema neno ambalo baadaye alitamani angelimeza. "Mashine haina sababu ya kukudanganya."

"Mimi ninayo?"

Dada aliinuka, akapapasa kochi, akapapasa ukuta, akaingia chumbani na kufunga mlango taratibu. Angeubamiza ingekuwa afadhali.

Rudia alibaki na aibu, na nyuma ya aibu kulikuwa na kitu kingine kilichomkera zaidi: udadisi. Alisikiliza wimbo tena. Kwake ulikuwa sawa tu. Lakini yeye alikuwa mtu wa kufa nyumba ya tatu, ushahidi wake ulikuwa na thamani gani? Alikuwa na mashahidi wawili wanaopingana, kompyuta na dada yake, na kwa mara ya kwanza alijiuliza kwa nini alimwamini mmoja bila hata kumpima. Maabara asingethubutu. Maabara, mashine ikisema kitu na mgonjwa akaonekana kusema kingine, unapima mashine.

Ijumaa alirudi saa nane mchana na saa ya kupimia sekunde, ile ya maabara, ndani ya mkoba. Kabla hata hajavua viatu alikwenda dirishani.

"Dada, nigongee wimbo wa Tarishi. Kwenye mbao ya dirisha, kwa kidole. Usiharakishe, usicheleweshe, gonga ulivyo kichwani."

"Kwa nini?"

"Nataka kuhesabu."

"Unanipima?"

"Nakupima. Na yeye nitampima."

Dada aligeuza uso upande wa sauti, akagonga. Rudia alihesabu kwa dakika moja kamili: mapigo mia na ishirini na tano. Aliandika kwenye bahasha. Akaenda kuoga, akamwacha Dada akunje nguo, akarudi akamwomba tena. Mia na ishirini na tano. Alimwacha tena kwa nusu saa, akamsomea vichwa vya habari vya gazeti ili kumchanganya, kisha akamwomba mara ya tatu katikati ya habari ya mvua.

"Umeishiwa na kazi hospitalini?" alisema Dada, lakini aligonga. Mia na ishirini na nne.

Ndipo Rudia alipowasha kompyuta na kuupima wimbo wenyewe. Mia na hamsini.

Alikaa na bahasha yake. Mtu aliyesahau hubahatisha, leo juu, kesho chini. Yeye aliwaona wengi, na hesabu zao hutawanyika. Huyu hakutawanyika. Kama Dada alikosea, basi alikosea kwa kiasi kile kile, siku ile ile na mara zote, na kosa la namna hiyo si la kumbukumbu. Aligawanya mia na ishirini na tano, akagawanya mia na hamsini, akazipunguza mpaka zisipungue tena. Tano kwa sita. Nambari safi namna hiyo haitoki kichwani mwa mtu aliyechanganyikiwa.

Akaishusha ile mashine iliyokufa kutoka juu ya kabati na kuigeuza. Kwenye karatasi ya mgongoni, chini ya vumbi, palikuwa pameandikwa hamsini. Akafungua maelekezo ya emuleta, yale marefu ambayo watu huyapita, akayasoma yote huku miguu ikiwa juu ya kiti. Yalisema kwamba televisheni za zamani hazikufanana: za nchi nyingine zilichora picha hamsini kwa sekunde, za nyingine sitini. Na michezo ya wakati ule haikujua saa. Ilihesabu picha. Kila picha ikichorwa, Tarishi hatua moja. Picha zikizidi, naye anazidi. Emuleta isipoambiwa mchezo umetoka wapi, huchukua sitini. Hamsini kwa sitini: tano kwa sita.

Haikuambiwa, na yenyewe haikuuliza. Iliamua tu kwa niaba ya mchezaji na kuendelea na safari. Rudia aliisoma sentensi hiyo mara mbili na ikamkaa vibaya kifuani, kwa sababu ilikuwa Ijumaa na saa ilikuwa imefika kumi na moja.

Kilichomuuma zaidi kilitoka mbali. Miaka sita nyuma, Dada alimwambia, huku wakisubiri chai ichemke, kwamba kona za vyumba zinampotea, kwamba anaona mlango lakini haoni kilicho pembeni yake. Rudia, anayewarudisha watu wazima na vyeti vyao wakapime upya, alimjibu, "Uchovu huo, Dada. Pumzika." Hakurudia. Hakumpeleka ghorofa ya pili kwa daktari wa macho, ngazi ishirini na mbili tu kutoka mezani kwake. Mwaka ulipita kabla ya kupimwa, na mwaka huo hakuna aliyeweza kuurudisha. Alikuwa na kipimo kizuri kuliko vyote nyumbani kwake na hakukiamini, mara ya kwanza ile, na wiki hii tena.

Alifungua ukurasa wa mipangilio, akatafuta neno la mfumo wa televisheni, akabadilisha sitini kuwa hamsini.

Picha ilinywea, mistari miwili mieusi ikatokea juu na chini, ile ile ambayo utotoni walidhani ni ubovu wa televisheni yao. Na wimbo ukatulia. Dada, aliyekuwa bado na shati mkononi, aliacha kukunja. Hakusema "nilikuambia." Alikuja kwenye kochi bila kupapasa, au labda alipapasa na Rudia hakuona, akanyoosha mkono, akapewa kidude.

Pengo la kwanza aliliruka. La pili, la tatu. Nyumba ya nne, ambayo Rudia alikuwa hajawahi kuiona ng'ambo yake kwa mkono wake mwenyewe, ilipita kama si kitu. Kunguru wa mchezo alilia, ishara ya pengo refu, Dada akahesabu pumzi moja, akaruka. Kidole gumba kilikuwa kile kile cha zamani, na uso wake ulikuwa na kitu ambacho Rudia alikuwa amesahau kwamba unacho: ukaidi. Nyumba ya kumi. Ya kumi na tano. Rudia alitazama saa ya ukutani na kuona kwamba akinyamaza dakika chache zaidi, mambo yatakwisha kama alivyopanga, na hakuna atakayemlaumu.

"Dada," alisema, "mwenye karakana alipiga simu."

Kidole hakikusimama. "Lini?"

"Jumanne."

"Alitaka nini?"

Rudia alimweleza yote: saa tatu kwa siku, kiti, mafundi sita wasio na masikio. Tarishi aliendelea kuruka mapengo huku akisikiliza.

"Ukamjibu nini?"

"Kwamba nitakuambia."

"Anataka jibu lini?"

"Leo. Kabla hawajafunga."

Tarishi alifika ukingoni mwa paa na kidole hakikubonyeza. Wimbo wa kushindwa ulipigwa mpaka ukaisha wenyewe.

"Ulikuwa unaogopa nini?" aliuliza Dada, kwa sauti ya chini.

"Sindano. Mikanda. Ile barabara."

"Hata mimi naviogopa. Niliviogopa nikiwa na macho mawili mazima. Ndiyo maana sikuwahi kuumia." Alinyoosha kiganja. "Simu."

Rudia alipiga namba, akaweka spika, akampa. Mzee alipokea mara moja. Nyuma yake karakana ilikuwa bado kazini, cherehani zikipishana sauti. Alianza salamu, na Dada akamkata.

"Ngoja kwanza. Hiyo inayoshona nyuma yako, karibu nawe, ni ipi?"

"Ile nyeusi kuukuu. Inaruka mishono. Wamebadilisha mkanda siku tatu hizi."

"Wauache mkanda. Kile cha chini, cha kunyakua uzi, kinachelewa kukutana na sindano. Nasikia kinagonga baada yake. Wakisogeze mbele unywele mmoja tu."

Simu iliwekwa juu ya kitu. Wakasikia mtu akiitwa, cherehani ikinyamaza, bisibisi ikianguka sakafuni na kuokotwa. Dada aliishika simu kwa mikono miwili, na Rudia, aliyezoea kusubiri majibu ya watu wengine, sasa alisubiri la dada yake. Kisha cherehani ikashona, mfululizo, bila kukwama.

Mzee aliporudi kwenye simu hakuzungumzia cherehani. "Kesho saa mbili," alisema.

"Kesho saa mbili," alisema Dada, akamrudishia mdogo wake simu.

Rudia aliipokea. Alikuwa na maneno mengi ya kusema, ya Jumanne na ya miaka sita nyuma. "Dada, nisamehe," ndiyo aliyoweza kuyatoa.

"Utanifikisha mlangoni," alisema Dada. "Barabarani utanishika mkono, sijasema nimekuwa chizi. Ila mlangoni unaniachia. Ndani naingia mwenyewe."

"Sawa."

"Na kukusamehe bado. Saa moja na nusu uwe umeshavaa viatu."